Gari la Watu Watano

Kitengela, Jumamosi mchana

Simiyu,

Umelala juu ya mkono wangu wa kushoto, kwa hivyo karatasi inateleza. Ukiona herufi zimepanda na kushuka, usidhani sikufundishwa mwandiko. Kesho asubuhi unaenda Illasit kukaa na Senje Nafula, dada ya baba yangu. Una mwaka mmoja na miezi kumi na moja. Barua hii nitaiweka kwenye bahasha ya kadi yako ya kliniki, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi ambayo hakuna mtu hutupa. Utaisoma siku utakayojua kusoma.

Nilianza kuiandika kwa Kiingereza. Shuleni tulizoea kwamba mambo mazito huandikwa kwa Kiingereza. Ikatoka kama insha ya mtihani, ina mwanzo mzuri na mwisho mzuri, na mimi niko katikati nikiwa mtu mzuri pia. Nimeirarua. Kwa Kiswahili siwezi kujificha sana.

Sitaandika habari ya uji wako, wala sikio lako linalouma ukioga jioni. Hayo Senje anayo, nimemjazia ukurasa mzima. Mimi nataka kukueleza habari ya gari. Utaona ni ajabu, mama anamuaga mtoto kwa kumsimulia gari. Lakini watu watakuambia ulipelekwa Illasit kwa sababu mamako alikuwa anarudi shule. Hiyo ni kweli, na bado si yote. Siku uliyotolewa kwenye hesabu ya nyumba hii mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi ndani ya gari dogo jekundu, nikilitamani.

Baba, yaani babu yako, ni karani kwenye kiwanda huko Athi River. Sisi ni watu wa Bungoma, lakini hapa Kitengela tumepanga miaka mingi. Nyumbani tuko Baba, Mama, mimi na ndugu zangu wawili, Barasa na Juma. Baba alikuwa mzee wa kanisa, yeye ndiye alikuwa anasoma matangazo kila Jumapili. Nilipopata mimba yako nikiwa kidato cha nne, watu walingoja anipige. Hakunipiga. Alirudisha daftari la matangazo kwa mchungaji, akaanza kukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kutoka hapo akawa anaongea na mimi kupitia kwa Mama. "Mwambie huyo chumvi imezidi." Na mimi niko hapo hapo mezani, kijiko mkononi.

Ningeweza kumjibu, lakini mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Darasani mwalimu akiita majina nilikuwa nainua mkono, sisemi niko. Dukani nikirudishiwa kitu kibaya naenda nacho tu nyumbani. Watu wakaniita mtoto mwenye adabu. Nikazoea kusifiwa kwa sababu ya kunyamaza, na hilo ni kosa langu la kwanza ambalo nataka ulijue, kwa maana linafanana sana na tabia njema.

Kuhusu baba yako nitaandika siku nyingine, au sitaandika.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Baba akaamua tununue gari. Jioni moja alikuja na gazeti lenye matangazo ya magari yaliyotumika, akalitandaza mbele yangu.

"Nekesa, hebu nisomee hapa."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu tangu tumbo lionekane. Matangazo yalikuwa kwa Kiingereza kilichofupishwa, lakini Baba ni karani, anasoma Kiingereza kutoka asubuhi mpaka saa kumi na moja. Hakuna tangazo lingemshinda. Nilijua anatafuta njia ya kuongea na mimi bila kusema pole, nikakubali njia hiyo. Kwa wiki tatu tukawa tunasoma magari. Alitaka dogo, la uwezo wake, lisilo na ulafi wa mafuta, la kumfikisha kazini siku za wiki na kutufikisha Bungoma Disemba. Mimi nikaanza kujua injini ndogo na kubwa, milango mitatu na mitano. Nikawa nasema sentensi ndefu mezani. Barasa akaniambia, "Kumbe wewe huongea?"

Siku moja nilionyesha picha ya kagari fulani nikasema hili linaonekana la kufurahisha.

"Gari si ya kufurahisha," Baba akasema. "Gari ni ya kufika."

"Inaweza kufanya zote mbili."

Akacheka. Simiyu, sikuwa nimesikia kicheko cha Baba karibu miaka miwili. Ningefanya chochote nikisikie tena, na hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Katikati ya wiki hizo Senje alikuja kututembelea. Ni mwalimu huko Illasit, ameolewa miaka kumi na minne, wana shamba la vitunguu na nyumba ya mawe, hawana mtoto. Alikaa hapo kwenye kochi la maua, akanywa chai, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, nipeni huyu kijana nimlee. Nekesa arudi shule, amalize. Mtoto hatapotea, ako kwetu."

Baba alisema, "Tutaona." Mama alitazama dirishani. Mimi nilikuwa nakulisha viazi, na hakuna mtu aliyeniuliza kitu. Nami sikumlazimisha mtu aniulize.

Jumamosi iliyofuata tulienda Kajiado kuona gari la kwanza. Lilikuwa la mwalimu mmoja aliyehamishwa, jeupe, refu, na nyuma kuna nafasi ya kutosha magunia. Lilikuwa linanuka kuku. Mama aliinua mlango wa nyuma, akatandika leso yake, akakulaza pale ukajiviringisha kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine ukicheka.

"Hapa mtoto atalala mpaka Bungoma bila kuamka," akasema. "Baba Barasa, chukua hii. Haina sura, lakini tunaenea wote."

Baba alilizunguka mara mbili, mikono nyuma. Tulipokuwa tunaondoka akanisogelea, akaniambia mimi mwenyewe bila kupitia kwa Mama, "Hii ni nzito kwa msichana. Ile ndogo ya Kiserian tuliyoisoma gazetini, hata wewe ningekufundisha. Ukimaliza shule tayari ni dereva. Lakini ni wewe utachagua, wewe ndiye umesoma magari."

Nilitembea mpaka stendi nikiwa siusikii uzito wako mgongoni.

Kiserian nilienda na Baba peke yetu, na wewe. Mama alikuwa na mkutano wa akina mama kanisani. Mwenye gari alikuwa Baba Njoki, muuza mabati na misumari, mtu mnene wa mzaha. Gari lilikuwa la mkewe. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, kati ya rundo la mawe ya kujengea na mbuzi waliofungwa wakingoja soko. Lilikuwa dogo, jekundu, na lilikuwa limesuguliwa mpaka mbuzi mmoja alikuwa anajitazama mlangoni.

"Mzee, hii ni kama hawa," Baba Njoki akasema, akionyesha mbuzi. "Inakula kidogo, inapanda popote, na wageni wakija haikuaibishi."

"Mbuzi haiwezi kunifikisha Bungoma."

"Hii itakufikisha na itakurudisha. Bibi yangu ameenda nayo Murang'a kila mwezi."

"Kama ni nzuri hivyo, kwa nini anauza?"

"Amenenepa, mzee. Si mimi nimesema. Ni mlango umesema."

Baba akacheka tena. Akaingia, akaliwasha, likanguruma kidogo kisha likatulia, sauti kama ya mtu anayeimba akiosha vyombo. Akatoka. "Nekesa, ingia usikie."

Sikuweza kukaa kwenye usukani na wewe mgongoni. Nikafungua leso, nikakuweka chini kwenye kivuli cha duka, nikakupa kifuniko cha soda uchezee. Nikaingia. Kiti kilinipokea kama kilipimwa kwa mgongo wangu. Gia ilikuwa fupi, inaingia mkononi yote. Nilishika usukani na mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nikuzae nilijiona niko na umri wangu.

Baba Njoki akamuuliza Baba, "Lakini nyumbani mko wangapi? Nisikuuzie kitu halafu mje kunilaumu."

"Tuko watano."

"Watano ni sawa kabisa. Na huyu kijana je, ataingia kwa buti?"

"Huyu ni mgeni," Baba akasema. "Ataenda kwa wenyewe hivi karibuni."

Baba Njoki hakucheka. Alikutazama wewe, akanitazama mimi kwenye usukani, na nafikiri alielewa, kwa sababu alianza kufuta vumbi ambalo halikuwepo kwenye kioo. Baba akainama dirishani. Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu.

"Eh, Nekesa? Unasemaje?"

Mtu asije akakudanganya kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Baba alikuwa ananiuliza mambo mawili kwa swali moja, na alikuwa ameniletea swali hilo nikiwa nimeketi mahali penye raha, injini inawaka, mtoto yuko chini. Sijui kama alipanga hivyo. Nimemfikiria sana na bado sijui. Kitu ninachojua ni kwamba kulikuwa na jibu. Ningesema "tuko sita." Si neno gumu. Hata mtoto wa nasari anahesabu mpaka sita.

Nikasema, "Iko sawa, Baba."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakukuwa na kilio wala kikao cha ukoo. Tulirudi nalo nyumbani siku chache baadaye, wewe ukiwa mapajani pangu ukipiga dirisha na kiganja, na kila gari lililotupita ulilipungia mkono.

Sasa nikwambie jambo ambalo linaniuma kuliko hilo. Gari lenyewe ni zuri. Ningependa liwe bovu, lituache njiani kila Jumapili, nipate cha kulaumu. Halikufanya hivyo. Mvua za Novemba zilipogeuza udongo wetu mweusi kuwa gundi, magari makubwa ya majirani yalizama mpaka ekseli, na hili letu Barasa na Juma walilisukuma wakiwa wanacheka, likatoka kama jino la mtoto. Linakunywa mafuta kidogo. Linaingia mahali popote sokoni. Ukilikanyagia kidogo kwenye barabara ya Namanga linaruka mbele kwa furaha, na huwezi kulipanda ukabaki umenuna.

Baba alitimiza ahadi. Jumapili baada ya ibada alinipeleka uwandani upande wa Isinya, mahali hakuna ua, nyumbu wakitutazama kutoka mbali. Siku ya kwanza nililizima mara tisa au kumi.

"Achilia klachi pole pole," Baba akasema. "Polepole kabisa. Kama unaweka chini mtoto aliyelala."

Alipolisema tu, akageuza uso akatazama nyumbu. Kisha nikaachilia klachi kama alivyosema, gari likaondoka bila kushtuka hata kidogo. Baba akapiga makofi, mimi nikacheka kwa sauti. Wewe ulikuwa umeachwa nyumbani na Mama. Nilicheka hadi tuliporudi, na nilipokuchukua ulininusa shingo, ukakataa kunyonya.

Utakuwa mtu mzima siku moja, na huku kwetu mtu mzima hatimaye hutafuta gari. Nakuomba ununue dogo. Sitaki ukue ukichukia magari madogo kwa ajili yangu. Nenda ukalione asubuhi kabla halijawashwa, injini ikiwa baridi, kwa sababu gari likishapashwa moto kila kitu kinaimba. Inua zulia la sakafuni, ona kama kuna kutu au matope yaliyokauka. Muulize mwenyewe kwa nini anauza, na akikujibu kwa mzaha, cheka, lakini muulize tena. Na jambo ambalo mimi sikufanya: kaa kiti cha nyuma. Watu wote hupima gari wakiwa mbele, mikono kwenye usukani, na hapo mbele kila gari ni tamu. Nenda ukakae nyuma, katikati, pale pembamba, mahali atakapokaa yule asiyeulizwa. Angalia magoti yanafika wapi. Angalia kama kutoka hapo mtu anaona njia. Kama hujakaa hapo, bado hujaliona gari.

Na kama utafika siku unataka kitu mpaka umekishika kwa mikono miwili, na kuna mtu unayempenda anainama kukuuliza unasemaje, toka nje kwanza. Simama chini. Jibu ukiwa umesimama.

Sijui kama hiyo ni hekima. Nina miaka kumi na tisa. Ni kitu kimoja tu ninachokijua kwa hakika na nimekipata kwa bei mbaya.

Senje alifika jana. Si mtu mbaya, usikue ukifikiri hivyo. Amekufumia sweta mbili, moja ya sasa na moja ya mwaka ujao. Amekwisha kuamua kwamba utamwita Mama, ili usichanganyikiwe, na mimi nitakuwa anti. Alinieleza akinishika goti. Nikasema sawa. Unaona nilivyo mwepesi wa kusema sawa.

Leo asubuhi walipanga safari tukinywa chai. Baba ataendesha, kupitia Emali. Mama atakaa mbele. Nyuma atakaa Senje na wewe, na godoro lako dogo na mifuko. Mimi nibaki.

"Mtoto asiagwe," Senje akasema. "Ukimuaga atalia mpaka Emali. Mwekeni kwa gari, mpigieni honi kidogo, si anapenda honi? Akianza kucheka tunaondoka. Nekesa awe jikoni."

"Ndivyo hufanywa," Mama akasema. "Watoto husahau."

Najua ndivyo hufanywa. Mama alinifanyia hivyo mimi, walipokuwa wanahamia huku na kuniacha kwa Kukhu, nyanya yangu, Bungoma. Nilikuwa na miaka mitano. Nilitumwa kwa jirani kuomba chumvi. Niliporudi na ile chumvi kwenye kiganja, ua ulikuwa umefagiliwa na hawapo. Kukhu akasema wameenda sokoni. Nilingoja wale watu wa sokoni mpaka nikaingia darasa la pili, ndipo walipokuja kunichukua. Sisemi aibu yangu ilianzia hapo. Lakini kwa miaka mingi mtu akinituma mahali nilikuwa naenda huku nimegeuza shingo, na sikuwahi kumwambia Mama sababu.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Mimi pia nitaenda."

Baba hakuinua macho. "Gari imejaa."

"Nitambeba mtoto."

"Mtoto atabebwa na Senje yako."

"Basi Senje ambebe. Mimi nitakaa hapo kando."

"Nekesa, uliiona hiyo gari wewe mwenyewe. Ulijua ni ya watu wangapi."

Barasa aliacha kutafuna. Nikasimama, kwa sababu nikiwa nimeketi nisingeweza kumjibu.

"Nilijua, Baba. Nilijua, na nikanyamaza. Kwa hivyo nitaenda."

Baba alikuwa akizungusha kikombe chake kwenye sahani. Baadaye Mama aliinuka, akaenda kwenye mizigo iliyopangwa mlangoni, akavuta lile godoro lako, akaliegemeza ukutani.

"Illasit kuna magodoro," akasema. Akaanza kukusanya vyombo ingawa watu walikuwa bado hawajamaliza.

Hiyo nafasi ya godoro ndiyo nimepata. Haitoshi kukurudisha. Nilikuwa na nafasi ya kukubakisha mwezi wa nane, nikaibadilisha na kitu kingine, na Baba ameshakwenda mbali sana na mpango wake, shule imeshanipokea, Senje ameshapaka rangi chumba chako. Ningeweza kuandika hapa kwamba nitapiga kelele kesho na kuwazuia, lakini nimeshasema kwamba kwa Kiswahili siwezi kujificha. Sitawazuia. Najijua.

Nitakachofanya ni hiki. Tutafika Illasit mchana, na pengine utakuwa umelala. Senje atasema nikuteremshe polepole, nikulaze ndani, nitoke kwa mlango wa nyuma. Sitafanya hivyo. Nitakuamsha. Nitakaa nawe chini kwenye ule ua wao mpaka macho yako yafunguke vizuri, nikwambie jina langu, nikwambie kwamba naenda na kwamba ni mimi ninayeenda, si wewe uliyefanya kitu. Hutaelewa maneno. Utaelewa mgongo wangu ukienda.

Utalia sana. Watasema nimekuliza bure, na Baba atakasirika garini njia nzima ya kurudi. Wacha akasirike. Angalau hutangoja mtu wa sokoni. Utajua mama yako alitoka kwa mlango upi, na alienda upande gani, na kwamba alikuona ukimtazama.

Unaanza kugeuka sasa, mkono wangu umekufa ganzi. Naacha hapa kabla hujaamka, kuna nguo zako kwenye kamba na mawingu yanakuja.

Mimi ni Nekesa, mama yako, hata kama wamekufundisha jina lingine.